Pesa ya Mguu wa Baba Yako

Mwanangu Felista,

Umepanda Kibosho kumuaga bibi yako, na najua hutashuka kabla hajakulisha mpaka uombe poo. Basi jioni hii niko peke yangu. Begi lako liko mlangoni; nimelifunga na kulifungua tena bila sababu yoyote. Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kuchagua marafiki sitakuandikia. Hayo umeyasikia kwangu mpaka ukachoka, na yale ambayo hukuyasikia utajifunza huko huko chuoni Morogoro, kama nilivyojifunza mimi hapa Njoro nilipokuja mjini nikiwa mdogo kuliko wewe. Nataka kukuandikia jambo moja tu, lile ambalo tumekuwa tukilizunguka tangu kipaimara cha binamu yako.

Unaikumbuka siku ile. Tulikuwa uani kwa bibi, nyama imeshaiva, na baba yako mdogo Deo ameshakunywa mbege ya kumtosha. Ulikuwa unapita na sinia la ndizi. Akakushika mkono, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliokaa mbali, "Huyu mtoto amesoma kwa mguu wa baba yake. Mama yake ndiye aliyeula." Baadhi ya watu wakacheka, maana hawakujua wafanye nini. Bibi yako akamwambia Deo kwa Kichagga afunge mdomo. Wewe ukaliweka sinia chini, ukanitazama, halafu ukaliinua tena ukaendelea kugawa.

Hukuniuliza, siku ile wala baadaye. Lakini tangu hapo umekuwa na adabu kwangu kama mtu aliyefikia kwa wenyeji. Nikikupa chai unasema asante mama. Zamani ulikuwa unalalamika kwamba imepoa. Natamani ulalamike.

Mara nyingi nimefungua mdomo nikuambie, nikaishia kukuuliza kama umekula. Sasa naandika. Ukishasoma utaamua mwenyewe kama Deo alisema uongo. Mimi nimejaribu kuamua, na kila nikifika mwisho najikuta nimerudi mwanzo.

Mimi na baba yako Apolinari hatukufunga ndoa. Tulikutana hapa mjini, tukapanga chumba kimoja, yeye akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao kilichokuwa barabara ya Himo, mimi nikifua mifuko ya kulalia ya wageni wanaopanda mlima, kazi hii hii iliyokukuza. Alikuwa mtu wa kuchekesha. Ulipozaliwa alikuwa anakubeba mabegani kwenda dukani, na duka lenyewe lilikuwa nyumba ya tatu, kwa sababu tu alitaka watu wakuone. Hilo ni kweli, na sitaki ulikose kwa ajili ya haya yanayofuata.

Ulikuwa umeanza kuunganisha maneno alipohamia Himo kwa mwanamke mwingine, yule tunayemwita Mama Brayani. Aliondoka kwa ahadi kwamba atakuangalia. Miezi ya mwanzo aliangalia, kisha ikawa wiki hii hajalipwa, wiki ijayo anaumwa. Nikaenda Ustawi wa Jamii, wakatupatanisha, akaahidi tena. Mwisho tukafika mahakama ya watoto, hakimu akaandika amri ya matunzo: kila mwezi atoe kiasi fulani kwa ajili yako. Akatoa kwa muda. Akaacha.

Na mimi nikaacha kumfuatilia. Hili ndilo kosa langu la kwanza, na lilikuwa limevaa nguo nzuri mno hata sikulitambua. Nilijiambia mimi si mwanamke wa kukimbizana na mwanaume mahakamani. Nilichukua mifuko mingi zaidi ya kufua, mikono ikachubuka kwa sabuni, na nilikuwa naionyesha ile mikono kwa wenzangu kwa kujivuna. Kumbe aliyekuwa analipia majivuno yangu ni wewe. Ulikuwa unarudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya mchango wa chakula, halafu unanidanganya kwamba mwalimu anaumwa. Niliujua uongo wako, nikaupokea, kwa sababu ulinifaa.

Kisha baba yako akaumia. Walikuwa wanashusha magogo kwenye lori, mnyororo ukakatika, magogo yakaporomoka. Mguu wa kulia ulisagwa vibaya, madaktari wakaukata chini ya goti. Nilisikia kwa watu. Nikapika mtori, nikampelekea hospitali. Alikuwa ameegemea ukuta, amekonda, na nilipoingia akanitazama muda mrefu.

"Restituta, umekuja kuona kama Mungu amekulipia?" akaniuliza.

"Nimekuja na mtori."

"Sitaki huruma yako."

"Basi kunywa mtori, huruma uiache kwenye chupa."

Akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Nilimshikia kikombe, akanywa. Nilipotoka pale nilijiambia deni lake limekwisha. Sikumwambia mtu, wala sikumwambia yeye, lakini moyoni nililifunga. Nilidhani nimefanya wema mkubwa.

Baadaye kidogo akatuma ujumbe kupitia kwa Deo. Yeye sasa ni mlemavu, na mlemavu hadaiwi matunzo. Mama wa mtoto asihangaike tena. Maneno hayo yalinichoma kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kumsamehe na sasa ilionekana kama amejisamehe mwenyewe. Lakini nilikubali. Kila niliyemuuliza alisema hivyo hivyo. Mtu aliyekatwa mguu utamdai nini?

Halafu likaja suala la sikio lako. Walimu walikuwa wanasema husikilizi darasani, una kiburi. Nami nilikugombeza, na mara moja nilikupiga kwa sababu nilikuita ukiwa bombani na hukuitika. Siku ile usaha ulipoanza kutoka tukaenda kwa daktari, akaniambia sikio la kushoto limeoza ndani kwa muda mrefu, linahitaji upasuaji, tukichelewa litakufa kabisa. Alipotaja gharama nilitabasamu, sijui kwa nini. Nadhani uso wangu ulikosa kitu kingine cha kufanya.

Nilimpigia baba yako simu. Akaniambia kwa upole, "Restituta, mimi mwenyewe naishi kwa kuombewa." Nikamwamini, nikaanza kuzunguka kwa watu kukopa.

Aliyenifumbua macho ni Mama Brayani. Tulikutana sokoni, kwenye mitumba ya watoto, na kwa kawaida tulikuwa tunapishana kama hatujuani. Siku hiyo akanisimamisha.

"Nimesikia mtoto anaumwa sikio," akasema.

"Umesikia vizuri."

Akaangalia pembeni, kisha akasema haraka haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto, "Apolinari anapokea pesa ya ulemavu kila mwezi kutoka mfuko wa fidia kwa walioumia kazini. Ile ya kwanza iliyokuja kwa mkupuo alinunulia bajaji, kuna mtu anaiendesha. Si tajiri, dada. Lakini haombewi. Nakuambia kwa sababu na mimi nina mtoto."

Likumbuke jina la mwanamke huyo, Felista. Watu watakuambia mimi na yeye ni maadui. Sikio unalosikilizia ulipewa na yeye kabla ya daktari yeyote.

Nilirudi Ustawi wa Jamii. Nilimkuta dada mmoja, ofisa mpya, mdogo kwangu kwa umri, nikamweleza, na nikamwambia naona aibu hata kuuliza. Akaniambia nikae vizuri. Alinieleza taratibu, na nakuandikia alivyoniambia, kwa sababu hata wewe siku moja unaweza kuulizwa na mtu. Akasema ulemavu haufuti deni la nyuma. Mzazi akiumia, anatakiwa arudi mahakamani aseme uwezo wangu umepungua, nipunguzieni, na hakimu anaweza kumpunguzia kuanzia hapo na kuendelea. Lakini asipokwenda, amri inabaki palepale na deni linazidi kukua.

"Na pesa yenyewe ya mfuko?" nikauliza. "Si ni ya mguu wake?"

"Ni yake. Mfuko unamlipa yeye, hawataikata wakupe wewe. Lakini hakimu akitaka kujua baba ana kipato gani, hicho ni kipato. Anapewa badala ya mshahara alioupoteza. Sasa nikuulize, Mama Felista, kwenye ule mshahara mtoto hakuwa na fungu lake?"

Akaongeza, "Hujaja kuomba pesa ya mguu. Umekuja kuuliza fungu la mtoto limehamia wapi."

Siku ya kusikilizwa shauri, baba yako alikuja na ule mguu wake wa bandia na fimbo moja, amevaa shati lililopigwa pasi. Deo alikuwa naye. Nje ya mlango Deo akanijia karibu kabisa.

"Shemeji, huoni haya? Mtu hana mguu, unamburuza mahakamani?"

Watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Nilitaka kuondoka, nakuambia ukweli. Kilichonizuia ni kwamba ulikuwa pembeni yangu, na Deo alipokuwa anaongea ulikuwa umegeuza kichwa ili umsikie kwa sikio la kulia.

Ndani tulikuwa wachache. Hakimu alikuwa mama mtu mzima, hakupaza sauti. Baba yako akaeleza kuhusu ajali, kiwanda kumwachisha kazi, mtoto wake wa pili, na maumivu. Kisha akasema, "Mheshimiwa, pesa hii ni ya mguu wangu. Siyo mshahara. Ni ya mguu."

Hakimu akamuuliza, "Mguu huo ulipokuwepo ulikuwa unakufanyia nini?"

"Ulikuwa unanipeleka kazini, mheshimiwa."

"Na ulichokipata kazini kilikuwa cha nani?"

Baba yako angeweza kusema changu. Akasema, "Changu na watoto wangu."

"Basi umejijibu," hakimu akasema, na wala hakusema kwa ukali.

Aliamua hivi. Matunzo ya kila mwezi yakashushwa, kwa sababu uwezo wa baba yako ulikuwa umepungua kweli na Brayani naye ni mtoto wake. Malimbikizo ya nyuma hayakufutwa. Akaamriwa ayalipe kidogo kidogo kila mwezi, juu ya matunzo. Na cha kwanza kabisa kikawa mchango wa upasuaji. Baba yako akainamisha kichwa, akasema ameelewa. Tulipotoka nje alikushika kichwa, akakuambia, "Utapona." Sijui kama ulisikia.

Ulipasuliwa, ukapona. Siku uliyolalamika kwamba kengele ya kanisa inapiga kelele nilijifungia chooni nikalia kwa furaha. Kama hadithi ingeishia hapo, Felista, ningekusimulia zamani sana, mbele ya Deo na bibi na ukoo wote, na ningeisimulia kwa sauti.

Haikuishia hapo. Baba yako alilipa. Kila mwezi simu yangu ililia kuonyesha pesa imeingia, na nilianza kuupenda mlio ule. Nilijiambia ni kwa ajili ya mahitaji yako ya bweni, na kweli ndiko zilikokwenda. Lakini nilipenda kitu kingine pia. Ule mlio ulikuwa unaniambia kwamba leo, angalau leo, amelazimika kukumbuka kwamba tupo. Miaka yote ile ya kufua peke yangu, hakuna kitu kilichowahi kunipoza hivyo.

Siku moja Mama Brayani akaja hapa nyumbani. Wewe ulikuwa shuleni. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Dada, ule mguu wa bandia umelegea, unamsugua. Amepata kidonda. Anatakiwa asiuvae kwa muda na atengenezewe mwingine, na bajaji nayo imeharibika. Tunaomba yale malimbikizo yasimame kidogo tu, mpaka apone. Matunzo ya mwezi ya mtoto atatoa kama kawaida."

Alikuwa anaomba kitu kidogo, nami niliweza kukitoa. Sikio lako lilikuwa limeshapona na mahitaji yako ya muhula ule nilikuwa nimeshanunua. Ningeweza kusubiri. Hilo ndilo linalonikosesha raha mpaka leo. Kama ningekuwa sina, ningekuwa na la kusema. Nilikuwa nacho.

Nikamjibu, "Nani alisimama wakati mwanangu hasikii?"

"Wewe unajua mimi sikunyamaza," akasema taratibu.

Ni kweli hakunyamaza, na nilijua hivyo. Nikainuka nikamfungulia mlango. Nilimwambia amri ni ya mahakama, kama wana shida waende kwa hakimu. Neno hilo lilikuwa sahihi kabisa, na ndilo nililojifichia. Hakwenda mtu kwa hakimu. Pesa ya mwezi ule ikaingia, na ya mwezi uliofuata. Safari hii niliuzima mlio wa simu, lakini pesa sikuirudisha.

Baba yako aliendelea kuvaa ule mguu juu ya kidonda, kwa sababu alikuwa amepata kazi ya ulinzi kwenye ghala pale Himo, na hakutaka waone anachechemea, wasije wakamtoa. Kidonda kikaingia mfupani. Alipopelekwa hospitali ilikuwa imechelewa, wakamkata tena, mara hii juu ya goti.

Sasa unajua Deo alikuwa anasema nini.

Nilikwenda kumwona. Safari hii sikubeba mtori. Niliona nikipika nitakuwa naigiza. Deo alikuwa mlangoni, akakataa nisiingie. Baba yako akasema kutoka ndani, "Mwache apite."

Nilikaa. Shuka lilikuwa limelala kitandani mapema mno, pale ambapo mguu ulitakiwa kuendelea.

"Deo anasema ni mimi," nikaanza.

"Deo anasema mengi."

"Wewe unasemaje?"

Aligeukia dirishani. "Mfuko ungenitengenezea mguu mwingine, Restituta. Ningekwenda tu kuwaeleza. Kuna mtu aliniambia ukirudi pale wanakupima upya, wakiona unatembea vizuri wanakupunguzia pesa. Nikaogopa. Nikisema ni wewe, nitakuwa najifichia kwako."

"Lakini ningekubali kusubiri, ungeuvua."

"Labda," akasema. "Nisingekuwa na haraka ya ile kazi. Labda."

"Kwa nini hukuja mwenyewe? Kwa nini ulimtuma mama wa watu?"

"Nilijua ungeniangalia kama ulivyoniangalia mahakamani."

"Nilikuangalia vipi?"

"Kama mdaiwa."

Ndivyo alivyokuwa. Lakini alikuwa na mambo mengine pia, na mimi nilikuwa nimeyaweka kando yote nikabaki na hilo moja, kwa sababu hilo lilinipa nguvu.

Nilipotoka hospitali nilikwenda moja kwa moja Ustawi. Nikamwambia yule dada nataka kumsamehe baba yako malimbikizo yote, aniandikie mahali pa kusaini. Nilikuwa nalia. Akanisubiri nikamaliza, halafu akaniambia jambo ambalo sikulipenda siku hiyo na sasa ndilo ninaloliamini.

"Mama Felista, unataka kugawa kitu kisicho chako. Hayo malimbikizo ni ya mtoto. Ulipokuwa na hasira yalikuwa ya mtoto, na leo ukiwa na huruma bado ni ya mtoto. Tunaweza kwenda wote kwa hakimu tuombe alipe taratibu zaidi, asimame kwanza mpaka apone. Hilo linawezekana."

Ndivyo tulivyofanya, mimi na baba yako, tumekaa benchi moja. Hakimu alikubali. Mfuko nao ulimpima upya, na kile alichokiogopa hakikutokea. Kwa kuwa alikuwa amezidi kuumia, walimwongezea kidogo. Alinipigia kuniambia hilo. Ilikuwa habari njema ya aina ambayo huwezi kuifurahia.

Umekuwa ukijiuliza kwa nini tangu wakati ule hataki kupanda Kibosho wala hataki uende Himo, ni simu tu, na kila ukisema utakwenda ana udhuru. Ulidhani amekuchoka. Mwanangu, anaona haya. Hajataka umwone hivi alivyo sasa. Nami nilimsaidia kujificha, kwa sababu mtu ambaye hujamwona huwezi kuniuliza habari zake.

Sasa nikuambie ninachofikiri, uchukue au uache. Nilikuwa na haki kumdai baba yako. Nataka ulijue hilo bila kutikisika, kwa sababu kesho na keshokutwa watu watakuambia mwanamke mwema huwa hadai. Ningemdai mapema zaidi, akiwa na miguu yote miwili, badala ya kukaa na majivuno yangu, labda hata tusingefika tulikofika. Na mlemavu si mtakatifu wala si mtoto mdogo. Ni baba kama baba wengine, na hakimu alimheshimu alipomtaka awe baba. Kosa langu halikuwa kudai. Kosa ni kwamba nilipopata haki niliacha kumtazama mtu niliyekuwa namdai. Mama Brayani alikuja kuniambia kuna kidonda, na mimi nikamjibu habari za amri.

Sijui kama ningesema ndiyo mguu ungepona. Nimemuuliza daktari mmoja ninayemfulia mashuka, akasema huenda, huenda pia isingesaidia. Nimekuwa nikibeba hiyo "huenda" kila mahali. Siku nyingine naamka nikiwa na uhakika kwamba sikufanya kosa. Siku nyingine siwezi kupita mbele ya mtu mwenye magongo. Sitaki unisaidie kuibeba. Nilitaka tu uache kudhani kwamba nimekaa kimya kwa sababu sijali.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni la kesho.

Baba yako alinipigia jana. Anajua basi lako linapita Himo, anajua huwa linasimama pale kupakia abiria. Ameomba ruhusa aje kukuona. Mara ya kwanza sikumwelewa, nikadhani anauliza saa. Akarudia, "Nakuomba ruhusa." Nikamwambia hiyo si yangu, ni ya Felista.

Atakuwa na malimbikizo yaliyobaki, yote. Ameyakusanya polepole na hataki kuyatuma kwa simu. Anataka akuwekee mkononi, amalize na wewe mwenyewe. Nilitaka kumwambia asije, nikataka kukuambia usipokee. Kisha nikakumbuka yule dada wa Ustawi, nikaufunga mdomo wangu. Umeshakuwa mtu mzima. Ukiipokea, hutakuwa umekula mguu wa mtu yeyote. Ni fungu lako lililochelewa. Ukimrudishia aitumie kwa matibabu yake, hutakuwa umenikana mimi. Na kama hutaki kushuka kabisa, kaa kwenye kiti chako, hakuna atakayekulaumu, nimemwambia hivyo na amekubali.

Hii barua nitaiweka mfuko wa nje wa begi, mahali pa maji ya kunywa. Asubuhi nitakuambia uisome basi likishatoka stendi. Kutoka hapa mpaka Himo si mbali, lakini unasoma haraka.

Nilimuuliza utamjuaje kwenye msongamano ule wa watu. Akasema atakuwa upande wa kushoto, karibu na wauza ndizi, na Mama Brayani atakuwa naye kumshika bega. Nikamwambia atafute kiti, basi huchelewa. Akakataa. Anataka umkute amesimama.

Kama utashuka, mwanangu, mtazame usoni, umpe shikamoo, umsubiri aitike. Chini utatazama baadaye.

Ni mimi mama yako,
Restituta